Unataka Kusoma Masta ya Historia? Anza na Swali, Tena Anza Mapema

Mwaka wa kwanza tunaulizana kama bumu limeingia au bado. Mwaka wa pili tunaulizana nani kapata supu. Ukifika mwaka wa tatu, pale vimbweta swali hubaki moja tu: "Baada ya hapa unaenda wapi?" Anayejibu kwamba anataka masta ya uhasibu au ya sheria hashangazi mtu. Jaribu wewe kusema unafikiria masta ya historia, tena historia ya kisasa, uone utakavyoangaliwa. "Historia? Si tulishaimaliza Form Six?"

Mimi nasomea ualimu, masomo yangu ya kufundishia ni Historia na Kiswahili, nina miaka 22. Masta bado sijaanza. Ila kwa muda mrefu sasa nimekuwa nikisoma kazi za waliopita njia hiyo na kuwauliza kaka na dada walio ndani yake, ili nijue kitu ninachotaka kukiingia ni kitu gani. Naandika makala hii kwa ajili ya mwenzangu ambaye naye anajiuliza, hasa sisi wa ualimu, kwa sababu nimegundua kuwa wengi tunaikataa au kuikubali masta hii bila kujua inafanyaje kazi.

Nianze na ninachoamini: masta ya historia ni mafunzo ya kutengeneza historia ambayo bado haijaandikwa. Anayeingia na swali lake anafaidika, na anayeingia bila swali anateseka. Tena kwa historia ya kisasa, baadhi ya majibu yamo vichwani mwa watu ambao umri umewatupa mkono. Hawatatusubiri tumalize kujadiliana.

Historia ya kisasa ni ipi?

Jina lenyewe linababaisha. Ulaya wengi huhesabu historia ya kisasa kuanzia karne ya 15 au 16. Pale Oxford, kitivo kilichoitwa cha Historia ya Kisasa kwa miaka mingi kilifundisha hata Zama za Kati, kwa sababu "kisasa" kwao ilimaanisha kila kilichokuja baada ya Warumi na Wagiriki wa kale. Sasa ukiombea chuo cha nje ukaona jina hilo, usikimbilie kudhani mnazungumzia miaka ileile.

Huku kwetu mgawanyo uliozoeleka shuleni ni kabla ya ukoloni, wakati wa ukoloni na baada ya uhuru. Mgawanyo huu unasaidia kupanga mada za mtihani, lakini una kasoro yake: unamfanya mkoloni awe ndiye saa ya ukutani, sisi wote tunahesabu muda kwa kumtazama yeye. Katika makala hii nikisema historia ya kisasa nina maana ya karne ya 19 mwishoni hadi jana: misafara, ukoloni wa Wajerumani na Waingereza, kudai uhuru, Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, Azimio la Arusha la 1967, vijiji vya ujamaa, hadi miaka ya 1990 ya vyama vingi na ubinafsishaji. Hata enzi ya kaseti za bongo fleva sasa ni historia, usicheke.

Kinachobadilika ukitoka shahada ya kwanza

Nitatumia mfano ambao kila mtu anaujua: Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Sekondari tulifundishwa sababu: kodi, kazi za shokoa, mashamba ya pamba, ukatili wa maakida na majumbe. Tukafundishwa kuhusu Kinjikitile Ngwale na maji yake. Tukajibu mtihani kwa nukta sita na hitimisho.

Shahada ya kwanza inakuongezea maelezo. Masta inakuuliza jambo lingine kabisa: haya yote tumeyajuaje, na nani aliyeamua kwamba hizi ndizo sababu?

Ukifuatilia, unakutana na Idara ya Historia ya Chuo cha Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1964 chini ya Profesa Terence Ranger, aliyekuwa amefukuzwa Rhodesia ya Kusini. Walimu wa idara ile walitaka historia inayomweka Mwafrika katikati kama mtendaji. John Iliffe alichapisha makala kuhusu mpangilio wa vita vya Maji Maji mwaka 1967. Kisha mwaka 1968 na 1969 ukafanyika mradi mkubwa wa utafiti: wanafunzi walikwenda katika maeneo yaliyopigana, wakakaa na wazee, wakauliza na kuandika. G.C.K. Gwassa alikuwa kati ya waliobeba kazi hiyo, na baadaye aliiandikia tasnifu ya uzamivu. Mwaka 1969 kikatoka kitabu cha historia ya Tanzania kilichohaririwa na Isaria Kimambo na Arnold Temu. Mengi tuliyokariri sekondari yalitoka kwenye chungu hicho.

Sasa angalia kilichofuata. Miaka thelathini hivi baadaye, wanahistoria wengine walirudi kwenye vita vilevile na maswali tofauti. Walisema: wazee waliohojiwa mwaka 1968 walihojiwa katika nchi iliyokuwa na miaka saba tu ya uhuru, nchi iliyokuwa inatafuta umoja. Nyerere mwenyewe alikuwa ameshaitaja vita hiyo mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956. Je, haiwezekani kwamba maswali yalielekea upande wa umoja, na majibu yakafuata? Thaddeus Sunseri, katika makala ya mwaka 1997 kuhusu Uzaramo, aliangalia njaa, nguruwe pori na wanawake. Sera za Wajerumani zilibana uwindaji, wanaume wengi wakawa hawapo mashambani, nguruwe wakala mazao, mzigo wa kulisha kaya ukawaangukia wanawake. Ukiitazama vita kutokea shambani kwa mama mwenye njaa, unaona mambo ambayo ukiitazama kutokea bomani au kwenye mapambano huyaoni.

Hakuna kati yao aliyemfuta mwenzake. Kazi ya 1968 bado inasomwa kwa sababu bila wanafunzi wale sauti za wazee zingepotea, na kazi ya Sunseri inasomwa kwa sababu iliuliza kitu ambacho hakikuulizwa. Masta inakufundisha kusimama katikati ya mazungumzo hayo, ujue nani alisema nini, alitumia ushahidi gani, na pengo liko wapi. Jina lake la kitaaluma ni historiografia, yaani historia ya namna historia yenyewe ilivyoandikwa. Kwenye tasnifu inachukua sura nzima, na ndiyo sura inayowatoa jasho wengi.

Kutoka mada hadi swali

Kaka mmoja anayesoma masta aliniambia kuwa karibu kila anayeanza huja na mada, na karibu kila msimamizi humrudisha kutafuta swali. Mada ni shamba, swali ni shimo unalochimba. Nitaonyesha kwa mfano wangu mwenyewe ninaoufikiria.

Mada ya kwanza iliyonijia ilikuwa "Historia ya elimu Tanzania." Hii haifai hata kidogo. Ni vitabu kumi.

Nikaipunguza: elimu ya msingi kwa wote, ile tunayoiita UPE. Mwaka 1974 Azimio la Musoma liliamua kwamba watoto wote waliofikia umri wa shule wawe wamepata nafasi ya elimu ya msingi ifikapo Novemba 1977. Miaka mitatu tu! Madarasa yatatoka wapi, walimu watatoka wapi? Hapo ndipo walipoajiriwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa ualimu hukohuko vijijini huku wakifundisha, kwa miaka mitatu. Ndio walimu wa UPE. Bado ni pana, lakini sasa kuna watu ndani yake.

Nikapunguza tena: katika wilaya moja, kati ya mwaka 1975 na 1985, kijana wa darasa la saba aligeukaje kuwa mwalimu machoni pa wanakijiji waliomjua tangu anachunga mbuzi? Wazazi walimpokeaje? Nani alimfundisha kufundisha? Alipokuja mwalimu mwenye cheti cha chuo, walikaaje ofisi moja?

Hilo ni swali. Lina mahali, lina miaka, lina watu, na jibu lake silijui. Nikiwa nalijua jibu kabla, hakuna utafiti hapo. Tena lina uzito wa leo: tumeshuhudia walimu wa muda mfupi wa miaka ya 2000, wale waliobatizwa "vodafasta," na kila mara nchi inapopanua elimu haraka, mjadala wa ubora wa mwalimu unarudi palepale. Mwanahistoria hatatoa suluhisho la wizara. Anachoweza ni kuonyesha mara ya kwanza ilikwendaje kwa kweli, tofauti na kejeli tunazorithi.

Wewe fanya jaribio hilohilo na mada yako. Ikiwa huwezi kutaja mahali, miaka na watu katika sentensi mbili, bado una shamba.

Vyanzo: karatasi, magazeti na wazee

Ukishapata swali, unauliza ushahidi uko wapi. Hapa ndipo masta inapoachana kabisa na maisha ya kudesa.

Kwanza kuna nyaraka. Nyaraka za Taifa zilizopo Upanga, Dar es Salaam, zina majalada ya enzi ya Wajerumani na ya Waingereza. Zanzibar kuna nyaraka za Kilimani, zenye karatasi za Kiarabu, Kiingereza na Kiswahili, pamoja na zile zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu. Ukichagua kipindi cha Wajerumani ujue unachagua na lugha: majalada mengi ni ya Kijerumani, na yale ya mwandiko wa mkono ni wa kizamani ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawausomi. Ukichagua kipindi cha baada ya uhuru unakutana na kikwazo kingine: majalada ya serikali kwa kawaida hufunguliwa kwa watafiti baada ya miaka 30, na hata yakifika umri huo, si kila kitu kilihifadhiwa. Kwa swali langu la UPE, nategemea zaidi karatasi za chini: vitabu vya kumbukumbu za shule, mihutasari ya mikutano ya kijiji, faili za ofisi ya elimu wilayani. Hizo zinaliwa na mchwa huku tukitazama.

Pili kuna magazeti na majarida. Mambo Leo lilianza mwaka 1923, likichapishwa na serikali ya kikoloni kwa Kiswahili. Baadaye kuna Mwafrika, Ngurumo, Uhuru, The Nationalist. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina sehemu yake ya East Africana, na siku nzima hapo inaweza kuisha ukisoma barua za wasomaji tu. Barua za wasomaji ni dhahabu, maana mhariri huandika anachotakiwa kusema, msomaji mara nyingine huandika kinachomuuma.

Tatu kuna watu. Susan Geiger alifanya hivi kwa namna ambayo kila mwanafunzi wa historia ya kisasa angepaswa kuisoma. Simulizi iliyozoeleka ilikuwa kwamba TANU iliundwa na wanaume wachache waliosoma. Geiger katika miaka ya 1980 aliwahoji wanawake waliokuwa TANU, na mkubwa wao ni Bibi Titi Mohamed. Wakati huo jina la Bibi Titi lilikuwa limefifia. Alikuwa ameshapitia kesi ya uhaini, kifungo na msamaha. Katika mahojiano hayo ilionekana jinsi wanawake wa Dar es Salaam, wengi wao Waislamu wasio na elimu kubwa ya shule, walivyotumia vikundi vya ngoma kuandikisha wanachama na kupeleka habari. Kitabu kikatoka mwaka 1997. Bibi Titi akafariki mwaka 2000. Fikiria kama Geiger angechelewa.

Lakini msidhani mzee akisema basi imekwisha. Kumbukumbu nayo ni chanzo cha kuhojiwa. Mwaka 2009 G. Thomas Burgess alichapisha pamoja simulizi za maisha za Wazanzibari wawili, Ali Sultan Issa na Seif Sharif Hamad. Mmoja alikuwa waziri katika serikali ya Mapinduzi, mwingine akaja kuwa kiongozi mkubwa wa upinzani. Ukiwasoma wote wawili, kisiwa ni kilekile lakini Mapinduzi si yaleyale. Kazi ya mwanahistoria si kuamua nani mwongo. Anauliza kila mmoja alisimama wapi, aliona nini, amekuwa akisimulia kwa nani, na karatasi za wakati ule zinasemaje.

Na mzee haingiliwi na simu mkononi inarekodi. Kuna barua ya chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilaya, kata na kijiji. Kuna mwenyekiti wa kukutambulisha. Kuna shikamoo, kuna kukaa, kuna kueleza unachotaka na kuomba ridhaa yake, na kuna haki yake ya kukataa. Mara nyingi siku ya kwanza hupati lolote la kuandika, unapata chai. Siku ya pili ndipo mambo huanza.

Hesabu ya umri

Tufanye hesabu ndogo. Kijana aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1905 alikuwa na miaka 78 mwaka 1968. Wanafunzi wale wa mradi wa Maji Maji walifika katika dakika za nyongeza. Wangesubiri miaka kumi na tano, wangewakuta watoto na wajukuu tu.

Sasa geuza hesabu kwetu. Aliyekuwa na miaka 20 siku ya uhuru wa Tanganyika alizaliwa mwaka 1941, hivyo ameshavuka 80. Aliyekuwa na familia yake na shamba lake wakati wa Operesheni Vijiji, 1973 hadi 1976, naye ni mzee sana leo. Kijana wa darasa la saba aliyeingia UPE mwaka 1976 akiwa na miaka 18 alizaliwa 1958. Alistaafu mwaka 2018. Yupo, anakumbuka, pengine hata daftari lake la maandalio bado analo kabatini. Kwa miaka michache ijayo.

Ndiyo maana nasema historia ya kisasa ina haraka ambayo historia ya kale haina. Magofu ya Kilwa yatakuwepo mwakani. Nyaraka za Upanga, Mungu akipenda, zitakuwepo. Mwalimu mstaafu wa kijijini kwenu ndiye huna uhakika naye.

Lugha: hapa tuna mtaji

Tasnifu nyingi za historia katika vyuo vyetu huandikwa kwa Kiingereza, na vitabu vingi vinavyotuhusu vinachapwa Ulaya na Marekani. Lakini ushahidi wa historia ya kisasa ya hapa, kwa sehemu kubwa, unazungumza Kiswahili au lugha za makabila. Mtafiti lazima avuke mto huo, na vitu huanguka njiani.

James Brennan, katika kitabu chake cha 2012 kuhusu taifa na rangi jijini Dar es Salaam, alifuatilia maneno kama taifa na unyonyaji, jinsi yalivyotumika magazetini na kwenye siasa, na nani alihesabiwa mnyonyaji. Neno moja linaweza kubeba sura nzima. Fikiria "ndugu" katika miaka ya 1970, au "kujitolea," ambalo mzee anaweza kulitamka huku akicheka kwa sababu hapakuwa na hiari yoyote. Mgeni anahitaji miaka kulisikia hilo. Sisi tunaosoma Historia na Kiswahili pamoja tunalisikia palepale, ila hatujui kwamba huo ni ujuzi wa utafiti. Na katika mtaala mpya somo la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa kwa Kiswahili. Nani ataandika kwa Kiswahili kizuri historia iliyofanyiwa utafiti, siyo iliyofasiriwa haraka kutoka vitabu vya zamani? Mwalimu aliyejifunza utafiti anafaa kuwa mmoja wao.

"Itakusaidia nini?"

Swali hili ni halali, hasa kwa aliyesomeshwa kwa ng'ombe wawili wa baba.

Upande wa umma jibu lipo wazi. Caroline Elkins alitafiti kambi za vizuizi za Kenya wakati wa hali ya hatari ya Mau Mau kwa ajili ya tasnifu yake ya uzamivu, na kitabu chake kilitoka mwaka 2005. David Anderson alitoa chake mwaka huohuo kuhusu kesi na kunyongwa kwa wapiganaji. Wazee wa Kenya walipoishtaki serikali ya Uingereza, wanahistoria hawa, pamoja na Huw Bennett, walitoa ushahidi wa kitaalamu. Katika mwendo wa kesi hiyo, mwaka 2011, serikali ya Uingereza ilikiri kuwa ilikuwa imeficha Hanslope Park majalada takribani 8,800 kutoka makoloni yake 37 ya zamani. Mwezi Juni 2013 ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 fidia ya pauni milioni 19.9. Fedha hiyo haikufuta mateso. Lakini bila mtu aliyeketi miaka akilinganisha majalada na maneno ya bibi vizee, madai yale yangeweza kubaki porojo za vijijini.

Upande wa tumbo lako, nitasema ukweli. Masta ya historia haikuhakikishii ajira. Milango iliyopo ni ukufunzi wa chuo, makumbusho na nyaraka, ukuzaji mitaala, uandishi wa vitabu na wa habari, utafiti wa mashirika, na ualimu wenyewe. Mlango wa chuo ni mwembamba: matangazo mengi ya nafasi za ukufunzi msaidizi yamekuwa yakitaka GPA ya kuanzia 3.8 kwenye shahada ya kwanza. Ukiwa na 3.2 bado unaweza kusoma masta na kufanya kazi nzuri, ila usiingie ukidhani cheti kitakufungulia mlango huo peke yake. Na kama lengo lako ni uongozi wa shule au ukaguzi, linganisha kwanza na masta ya elimu. Inaweza kukufaa zaidi.

Kabla hujajaza fomu

Masta ya hapa nchini kwa kawaida huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili: masomo ya darasani kwanza, kisha pendekezo la utafiti, uwandani na tasnifu. Uingereza wengi huimaliza kwa miezi 12, na tasnifu yake ni kama maneno 15,000. Ya huko ina maktaba kubwa. Ya hapa inakupa muda wa kukaa na watu na majalada. Kwa swali kama langu la UPE, ya hapa inashinda.

Msimamizi ni muhimu kuliko jina la chuo. Soma alichoandika kabla hujamwandikia, na barua yako iwe fupi: swali lako, vyanzo unavyodhani vipo, na kwa nini yeye. Barua inayosema tu "naipenda sana historia" haimpi la kujibu.

Kuhusu fedha, mikopo ya serikali imelenga zaidi shahada ya kwanza, kwa hiyo usipange maisha kwa kutegemea bumu la pili. Nje kuna ufadhili wa Jumuiya ya Madola, DAAD ya Ujerumani, na Chevening ya Uingereza, ambayo hutaka uzoefu wa kazi wa saa 2,800, yaani kama miaka miwili. Kwa uzamivu, mfuko wa Gerda Henkel wa Ujerumani umekuwa ukifadhili wanafunzi wa insia kutoka Afrika. Weka pia bajeti ya uwandani: nauli, malazi, kunakili kurasa, na soda za wazee. Ada peke yake si gharama nzima.

Na kuna jambo ambalo halihitaji fomu wala ada. Sisi wa ualimu tunatawanywa nchi nzima kwenye mazoezi ya kufundisha, kisha wengine wetu tutapangiwa vituo mbali na miji. Wanafunzi wa 1968 walitumia nafasi kama hiyo. Ukienda TP safari hii, mwombe mkuu wa shule akuonyeshe vitabu vya zamani vya kumbukumbu, kama vipo. Uliza mwalimu mstaafu wa pale ni nani, nenda kamsalimie. Ukiruhusiwa, andika anachosema, na tarehe, na mahali, na jina lake kama ameridhia. Ukija kuomba masta utakuwa na swali na chanzo. Usipoomba, shule ile itakuwa na kurasa chache ambazo haikuwa nazo.